Alama Isiyo na Pigo: Damu Iliyovilia, Sababu na Tawakali

Damu kuvilia ni kutoka damu bila jeraha la wazi. Vishipa vyembamba kuliko unywele hupasuka chini ya ngozi, chembe nyekundu zikamwagika ndani ya nyama, na kwa kuwa ngozi yenyewe haikuchanika, damu hiyo haina pa kutokea. Hukaa hapo mpaka mwili uiondoe wenyewe. Chembe walaji hufika, huzimeza chembe nyekundu na kuivunja hemoglobini iliyomo. Alama iliyoanza kwa wekundu huiva ikawa zambarau, kisha hupitia kijani, ikaingia manjano ya bilirubini, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoyageuza macho ya mgonjwa wa ini. Mwisho hubaki hudhurungi ya madini ya chuma, nayo hufifia. Kwa mtu mwenye afya, kazi yote huchukua kama wiki mbili.

Rangi hizo zina mpango lakini si kalenda. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba manjano haionekani kabla ya saa 18 hivi kupita tangu pigo. Zaidi ya hapo, mtu anayedai kuusoma umri wa mvilio kwa kuutazama anakisia tu. Tena vitabu vingi vya udaktari viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi mfuatano huo wa rangi karibu wote hupotea, na kinachobaki ni baka jeusi kuliko ngozi ya pembeni, uvimbe, joto na maumivu likibonyezwa. Anayetafuta dalili za damu kutoka ndani kwa ndani kwa Mwafrika hana budi kutazama pia viganja, nyayo, ndani ya midomo na weupe wa macho.

Mara nyingi sababu haina mjadala: kona ya kitanda, kiwiko cha abiria ndani ya daladala, mpira uliogonga ugoko. Swali gumu huanza pale mtu anapoamka na kuikuta alama pajani au mkononi ambayo hakumbuki kuipata. Hapo akili haivumilii pengo. Pwani na bara, wapo watakaosema ni jini, wengine watasema kachezewa usiku na wachawi, wengine mizimu ya ukoo inadai chake. Ulaya nako hawakuwa mbali na hilo: Waingereza wa zamani walizisema alama za namna hii kuwa ni mifinyo ya Shetani. Aliyesoma sana atacheka na kusema sababu ni vishipa, basi. Aliye mcha Mungu atasema ni kudura, basi. Majibu yote hayo yana kasoro moja: kila mmoja anadhani amelijibu swali la mwenzake.

Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Waazande, watu wanaoishi leo katika mipaka ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Humo mna kisa cha ghala la nafaka ambacho wanafalsafa hawajachoka kukirudia. Ghala la Kizande husimama juu ya nguzo, na wakati wa jua kali watu hukaa kivulini chini yake, wakipiga soga au wakicheza. Mchwa hula nguzo. Siku moja ghala huanguka na kuwaumiza waliokaa. Waazande wanajua habari za mchwa vizuri kuliko mgeni yeyote, hakuna anayewakana. Wanachouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ile, juu ya wale. Uchawi kwao ni jibu la swali hilo la pili. Anayewacheka kwa kutojua mchwa hakuwasikiliza. Lakini kisa hiki kina upande wa pili ambao hutajwa mara chache: jibu la swali la pili halizibi tundu hata moja la mchwa, na nguzo nyingine zikiachwa bila kukaguliwa, ghala la jirani nalo litaanguka.

Katika Uislamu mjadala huu una jina la tawakali, yaani kumtegemea Mungu, na aliyeuchambua kwa kina ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Msimamo wake una kitendawili. Katika kitabu chake cha kuwakosoa wanafalsafa, alichokimaliza mwaka 1095, alikataa kwamba sababu inalazimisha matokeo. Pamba ikigusana na moto huungua; tunachokiona ni kuungua kunakotokea pamoja na moto, na hakuna jicho lililowahi kuuona ulazima wenyewe. Mtendaji ni Mungu, na mazoea ya maumbile ni desturi yake aliyoiendesha. Mtu angetarajia kwamba mwanazuoni mwenye rai hiyo atamwambia mgonjwa akae nyumbani asubiri. Kumbe sivyo. Katika kitabu chake kingine, Ihya, kwenye mlango wa tawakali, anazigawa njia za kuondoa madhara katika madaraja matatu. Kuna njia za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha hizo mtu anapohofia kufa si tawakali hata kidogo, ni haramu. Kuna njia za dhana yenye nguvu, na humo aliweka hijama (kuumika), dawa za kuharisha na matibabu mengi ya matabibu; kuzitumia hakuvunji tawakali, wala kuziacha si dhambi. Na kuna njia za kuwaza tu, ambamo aliweka kuchoma kwa chuma cha moto na azima. Mwenye tawakali kamili huziacha.

Kitendawili hufumbuka hapa. Al-Ghazali hakuhitaji ulazima wa kimantiki ili amfunge mtu wajibu. Desturi inayotegemewa ilimtosha. Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi na tabibu kwa pamoja, alimjibu karne iliyofuata kwamba anayezifuta sababu anaifuta akili yenyewe, kwa kuwa kukijua kitu ni kujua kilichokisababisha. Ni ugomvi mkubwa, na vyuo vikuu vingali vikiufundisha. Ila kwa mgonjwa aliyesimama nje ya zahanati akisitasita, hakuna hata mmoja wa wanazuoni hao wawili anayemzuia kuingia.

Wakristo nao wana maandiko yenye mwelekeo huo. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mfalme Hezekia anaahidiwa na nabii Isaya miaka 15 zaidi ya kuishi, na bado nabii huyo huyo anaagiza tini ziletwe zibandikwe juu ya jipu. Ahadi imekwisha kutolewa, na dawa inatumika. Yoshua bin Sira, kitabu ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na Waprotestanti wengi hawana, kinatenga karibu nusu ya sura ya 38 kumheshimu tabibu na mtengeneza dawa.

Kauli ya kisheria iliyo wazi zaidi katika zama hizi ilitolewa Jeddah mwezi Mei 1992 na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu. Baraza lilisema hukumu ya tiba hubadilika kwa hali. Ni wajibu ikiwa kuiacha kutapelekea kifo, kupotea kwa kiungo au ulemavu, au ikiwa ugonjwa unaambukiza wengine. Ni jambo linalopendekezwa ikiwa kuiacha kutaudhoofisha mwili. Nje ya hayo ni ruhusa, na huwa makuruhu ikiwa tiba yenyewe inahofiwa kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Pwani ya Afrika Mashariki, tangu kale yamehesabu kujitibu kuwa sunna. Azimio la Jeddah linaonyesha mahali sunna hiyo inapogeuka faradhi.

Tatizo ni kwamba mvilio mmoja na mwingine hufanana kwa macho, na huenda mmoja ukawa wa kupuuzwa na mwingine ukawa wa wajibu. Hapo elimu ya dini imefika ukomo wake na inahitaji ya mwili.

Damu huzuiwa isimwagike na walinzi watatu. Wa kwanza ni ukuta wa mshipa na nyama laini zinazoushika. Wa pili ni chembe sahani, ambazo kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Hizi hukimbilia penye tundu na kuliziba. Wa tatu ni protini za kugandisha, nyingi zikitengenezwa na ini, ambazo huifuma ile ziba ikawa imara. Anayevilia damu kwa urahisi amedhoofika katika mmoja wao.

Ukuta wa mshipa huchoka kwa uzee. Ngozi ya mikono ya wazee hupoteza mafuta na nyuzi zake, na kuguswa kidogo tu huacha baka la zambarau. Halina hatari, ingawa huwatisha wajukuu. Ukuta huo huchoka pia kwa ukosefu wa vitamini C, ugonjwa wa kiseyeye, ambao daktari wa meli James Lind aliupima mwaka 1747 kwa mabaharia 12, na wale wawili waliopewa machungwa na malimau wakapona haraka kuliko wengine. Na huchoka kwa mkono wa mwenyewe. Krimu za kujichubua na mchanganyiko unaouzwa kwa jina la mkorogo mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli. Ikipakwa miezi na miaka, ngozi hukonda hadi mishipa ikaonekana, na mwanamke wa miaka 30 akawa anavilia damu kama bibi yake. Wengi wa wanaofika kliniki wakiwa na alama za namna hii hawazihusishi kabisa na kikopo kilicho kwenye meza ya kujipambia.

Chembe sahani huzuiwa kazi yake na aspirini. Kidonge kimoja kinatosha kuzilemaza zilizomo kwenye damu kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya hivyo kwa muda mfupi zaidi. Warfarini hushambulia upande mwingine, ule wa protini zinazohitaji vitamini K. Mgonjwa wa moyo anayekunywa dawa hizi kwa maagizo ya daktari asiziache kwa kuogopa mabaka. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Anachotakiwa ni kurudi kupima. Homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupunguza chembe sahani, ndiyo maana mwenye homa kali isiyojulikana chanzo haifai atulizwe kwa aspirini. Saratani ya damu huzibana kwenye uboho zisizaliwe. Ini lililoharibiwa na pombe au na virusi vya homa ya ini hushindwa kutengeneza protini. Mtoto mchanga huzaliwa na vitamini K kidogo mno, na sindano moja anayodungwa siku ya kuzaliwa humkinga na kutoka damu kitovuni, tumboni au kichwani katika wiki za mwanzo.

Kwa lugha ya al-Ghazali, basi, mvilio uliotokana na pigo linalojulikana, mahali panapogongwagongwa kama ugoko, unaofifia kila siku, uko mbali na wajibu wowote. Kitambaa chenye barafu kwa dakika kama 15, kiungo kuinuliwa, parasetamoli, yatosha. Mivilio mingi ya mara kwa mara isiyo na chanzo, au mmoja usiofifia baada ya wiki mbili, au alama zilizoanza baada ya dawa mpya, hiyo ni dhana yenye nguvu: mtu aende kituo cha afya wiki hiyo, abebe dawa zote anazotumia pamoja na za mitishamba. Daktari atauliza habari za ukoo, atatazama bandama na ini, ataagiza hesabu kamili ya chembe za damu na kipimo cha muda wa kuganda. Ni vipimo vya kawaida, hospitali ya wilaya inavyo.

Kisha kuna hali ambazo hakuna nafasi ya kupima tawakali. Mvilio pamoja na damu ya puani au ya fizi isiyokoma, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami. Vidoadoa vidogo vyekundu vya ncha ya pini vilivyotapakaa miguuni au kinywani. Homa pamoja na vipele vya zambarau ambavyo havipotei vikibonyezwa kwa ubavu wa bilauri, kwani hiyo yaweza kuwa bakteria wa uti wa mgongo walioingia kwenye damu, na muda wa mgonjwa huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Pigo la kichwa likifuatwa na kutapika, usingizi mzito au macho yote mawili kuzungukwa na weusi. Mguu uliovimba ukakaza kama ubao, ukauma kupita kiasi na kuanza kufa ganzi. Alama ya usukani tumboni mwa kijana aliyeanguka na bodaboda: juu yaonekana kidogo, na chini yake bandama huenda imepasuka. Mikono na uso vikikonda, jasho la usiku na tezi zilizovimba shingoni vikiandamana na mabaka, safari haingojei mwisho wa mwezi. Kuyaona hayo na kukaa ni kuwa na maji mkononi na kufa kwa kiu.

Kisa kinachoonyesha vizuri kuliko vyote jinsi sheria ya dini inavyoweza kuzisoma alama za damu kinatoka kwa Wayahudi wa karne za mwanzo. Tohara ya mtoto wa kiume siku ya nane ni miongoni mwa amri zao zenye uzito mkubwa. Hata hivyo Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mijadala ya walimu wao wa sheria, katika mlango wa Yevamot, inajadili mama ambaye watoto wake walikufa kwa kutahiriwa. Rabi Yehuda Hanasi alisema vifo viwili vinatosha kumwondolea wa tatu amri hiyo. Shimoni bin Gamalieli alisema vitatu. Humo humo mnasimuliwa kisa cha mji wa Tsipori, ndugu wanne wa kike. Wa kwanza alimtahiri mwanawe, akafa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Wa nne alipokwenda kuuliza, aliambiwa asimtahiri wake.

Jambo la kustaajabisha hapo ni kwamba waliohesabiwa ni watoto wa ndugu wa kike. Walimu wale hawakujua lolote kuhusu vinasaba, lakini waliona kwamba balaa hupita kwa akina mama na kuangukia wana wa kiume. Maimonidi, tabibu na mwanasheria wa karne ya 12, aliongeza kwamba msamaha huo unabaki hata kama mama ameolewa na mume mwingine. Leo ugonjwa huo unaitwa hemofilia. Kasoro yake huchukuliwa na kromosomu ya X, na aina ya A humpata mtoto wa kiume mmoja katika kila 5,000 hivi. Al-Zahrawi, mpasuaji wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika habari za kijiji ambacho wanaume wake walikufa kwa kutokwa damu kwa majeraha madogo, na Mmarekani John Otto alizieleza koo kama hizo mwaka 1803. Walimu wa Tsipori walitangulia wote, na walitangulia kwa sababu walilazimika kuamua: kisu kiko tayari, mama amesimama, je, mtoto akatwe?

Talmudi ina kisa kingine kilicho karibu zaidi na jicho la tabibu. Rabi Natani aliletewa mtoto ambaye kaka zake wawili walikuwa wamekufa kwa tohara. Alimtazama, akamwona mwekundu mno, akasema asubiriwe mpaka damu yake imeingia mwilini. Walisubiri, wakamtahiri, akaishi, wakampa jina la Natani. Haijulikani mtoto yule alikuwa na nini. Kinachojulikana ni kwamba mtu wa dini aliikawiza amri ya Mungu kwa kutazama rangi ya ngozi, wala hakuna aliyemhesabu kuwa mwenye imani haba.

Afrika Mashariki, kwa Waislamu na kwa makabila yenye jando, tohara ingali mara nyingi ndiyo inayofichua hemofilia. Swali la mabaka makubwa yasiyo na sababu kwa mtoto wa kiume anayeanza kutambaa, magoti yanayovimba, na mjomba aliyekufa kwa kutokwa damu lingefaa kuulizwa na ngariba na mkunga kabla ya wembe. Kwa kuwa protini ya kugandisha sasa hupatikana kwa sindano, mtoto wa namna hiyo anaweza kutahiriwa salama hospitalini. Hapa madaraja ya al-Ghazali yanaonekana kuwa hai: tiba ambayo jana haikuwapo leo ni karibu na yakini, na wajibu hupanda pamoja nayo. Hijama imekwenda upande wa pili. Yeye aliiweka katika dhana yenye nguvu kwa ushahidi wa zama zake. Daktari wa leo angeiweka chini kwa magonjwa mengi. Mabaka ya mviringo yanayoachwa na chuku ni mivilio iliyotengenezwa kwa makusudi, hupotea kwa muda wa wiki moja au mbili, na anayekunywa warfarini au mwenye chembe sahani chache hastahili kuumikwa, hata mwumikaji awe hodari vipi.

Mvilio pia ni shahidi, na ushahidi wake una mipaka. Katika fiqhi ya Jaafari, inayofuatwa na Mashia Ithnaashari wakiwemo wale wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, kofi la usoni lina fidia kwa rangi: dinari sita likiacha weusi, tatu likiacha kijani, moja na nusu likiacha wekundu tu. Ni jaribio la kuipima dhuluma kwa kile kinachoonekana. Lakini rangi inategemea ngozi, umri na siku zilizopita kuliko nguvu ya kofi, na mwenye ngozi nyeusi sana angeweza kupigwa zaidi na kulipwa kidogo. Mahakama za kisasa zina fomu, PF3 Tanzania na P3 Kenya, ambamo daktari huandika ukubwa na mahali pa alama. Akiwa makini huacha kuandika nani aliyepiga, kwa sababu ngozi haisemi hilo.

Kwa watoto mahali hueleza kuliko rangi. Mtoto anayetembea huwa na mabaka ya ugoko na paji la uso, na hiyo ni dalili ya afya. Mtoto asiyeanza hata kujiburuta hana namna ya kujigonga. Mvilio wake, hasa masikioni, shingoni au kiwiliwilini, unadai uchunguzi wa haraka, wa damu na wa nyumba anamolala. Upande wa pili, watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na baka la kibuluu juu ya makalio au chini ya mgongo. Hilo ni rangi ya ngozi iliyobaki ndani, haliumi, halibadiliki kwa wiki, na hufifia kwa miaka. Wazazi wa Kiafrika wanaoishi Ulaya na Marekani Kaskazini hufanya vyema kuomba liandikwe kwenye kadi ya mtoto tangu kliniki ya kwanza, kwa maana kuna walimu na wauguzi wasiolijua.

Kuna wanaovilia damu kwa huzuni. Mwaka 1955 madaktari wa Marekani Frank Gardner na Louis Diamond waliandika habari za wanawake waliotokewa na mabaka yenye maumivu bila vipimo vyao kuonyesha kasoro. Wengine wa namna hiyo waliandikwa baadaye, na mara nyingi msiba au mgogoro mzito ulitangulia. Namna inavyotokea bado ina ubishi. Kanisa Katoliki, linapoletewa habari za mtu mwenye alama za mateso ya Kristo mwilini, huwatanguliza matabibu kabla ya wanateolojia, na tahadhari hiyo ni ya busara. Utaratibu huo ungewafaa pia wanaokimbilia kupunga mapepo: hesabu ya damu kwanza, ngoma baadaye kama bado zinahitajika.

Mgongano wa kweli kati ya imani na tiba hutokea mahali pamoja, pale dawa yenyewe inapokatazwa. Mashahidi wa Yehova hawakubali kuongezewa chembe nyekundu, chembe sahani wala utegili, kwa jinsi wanavyoyafahamu maandiko juu ya damu. Vipande vidogo vinavyotolewa humo, kama protini za kugandisha, wanaviacha kwa dhamiri ya kila mmoja. Mtu mzima mwenye akili timamu ambaye chembe sahani zake zimeporomoka, akaelezwa matokeo na akakataa, huheshimiwa katika nchi nyingi. Amechagua akijua. Mtoto wa miaka minne hajachagua kitu, na mahakama katika nchi kadhaa zimeruhusu atiwe damu bila ridhaa ya wazazi. Hata hapo madaktari waangalifu hujaribu kwanza kila njia isiyo ya damu.

Vipimo vikirudi na jina la ugonjwa, swali la pili la Waazande hubaki palepale: kwa nini huyu, kwa nini sasa. Maabara haina kitu cha kusema juu yake wala haipaswi kujifanya inacho. Kitabu cha Ayubu kimejaa rafiki waliolijibu kwa haraka. Walimkuta mwenzao amejaa majipu toka utosini hadi nyayoni, wakaisoma ngozi yake kama hati ya mashtaka, wakahitimisha kwamba lazima alitenda dhambi. Mwisho wa kitabu hicho Mungu anawakasirikia wao. Kurani inamtaja Ayubu huyo huyo kwa subira yake, na katika sura ya Swad inaeleza alivyoponywa: aliamriwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi, akaoga na kunywa.